Kuhamisha jeti ski nzito kutoka kwenye trela hadi stendi ya gereji, na kuirudisha

Jeti ski ya watu watatu haibebwi. Huteleza, huning'inizwa, au huinuliwa upande mmoja baada ya mwingine. Vijana sita wanaweza kuikamata na kuitua juu ya stendi, na kwenye fukwe za Nyali, Diani na Nungwi utawaona wakifanya hivyo, lakini chombo hiki hakina pa kushika. Kila mmoja hukamata kilicho karibu naye: bampa la mpira, ngazi ya kupandia, usukani, ndoo ya rivasi (kikombe cha nyuma kinachogeuza mkondo wa maji ili chombo kirudi nyuma). Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoundwa kubeba uzito wa chombo. Bampa hung'oka na riveti zake, ngazi hupinda, waya wa rivasi hukatika, na mwenye mgongo dhaifu hujijua kesho yake asubuhi.

Watu wawili wenye vifaa sahihi hufanya kazi hii vizuri kuliko watu sita wenye nguvu. Yafuatayo yanamlenga fundi mwenye sakafu ya zege, trela ya kawaida ya mbao mbili, na stendi ya magurudumu ambayo amenunua au anataka kuichomelea mwenyewe.

Jua unahamisha kilo ngapi

Sea-Doo Spark, ambayo ni nyepesi kuliko nyingi, ina karibu kilo 200 bila mafuta. Yamaha FX zenye injini ya lita 1.8 ziko kati ya kilo 350 na 390 hivi. Kawasaki Ultra 310 inapita kilo 450. Soma kitabu cha chombo chako, na angalia kama namba iliyoandikwa ni ya chombo kikavu au chenye vimiminika vyote. Tangi la lita 70 likijaa petroli huongeza zaidi ya kilo 50, na nanga, kamba na maboya yaliyosahaulika kwenye boksi la mbele yanaweza kuongeza kilo 10 nyingine. Toa kila kisichofungwa kwa bolti.

Kisha toa maji. Inua mkono wa trela kwa gurudumu lake la mbele mpaka omo (sehemu ya mbele ya chombo) iwe juu wazi kuliko tezi (sehemu ya nyuma), fungua vizibo vya tezini (vyombo vingi vina viwili, kimoja kila upande), na uache maji ya ngamani, yaani yaliyotuama chini kabisa ndani ya chombo, yatiririke mpaka yakome kabisa. Lita 20 za maji ni kilo 20, lakini si uzito tu unaosumbua. Petroli iko ndani ya tangi. Maji ya ngamani hayana kinachoyazuia. Chombo kikiinama kidogo, yote hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito pale pale unapojaribu kuusawazisha. Vizibo vikishatoka, vifunge kwa uzi kwenye usukani. Jeti ski iliyorudishwa majini bila vizibo huanza kuzama dereva akiwa bado anavaa boya lake.

Fungua kiti na uache mvuke wa petroli utoke kabla ya kuanza. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutulia ngamani, na gerejini huwa kuna mtu anachomelea au anasaga chuma si mbali. Toa pia ufunguo wa usalama wa injini.

Uzito haujagawanyika sawa. Injini iko chini ya kiti, pampu iko nyuma, na kwa vyombo vingi tangi liko mbele ya injini. Kwa hiyo tezi ni nzito kuliko omo, lakini tangi lililojaa huvuta mizani kuja mbele. Chombo kile kile kinaweza kukaa sawa kwenye mikanda leo, na wiki ijayo kikainamisha omo kwa sababu mteja amejaza mafuta. Kazi ni rahisi tangi likiwa na robo au chini ya hapo.

Mahali pa kuegemeza

Tumbo la jeti ski limezoea kulala juu ya mbao mbili ndefu, sambamba, moja kila upande wa mkuku, yaani uti wa katikati wa tumbo. Stendi iige hivyo hivyo. Kabla hujaishusha, ingia chini ya trela na tochi na uangalie mbao za kulalia zinagusa wapi hasa. Utakuta zimekaa kwenye sehemu bapa kati ya mistari iliyoinuka ya tumbo. Bandika masking tepu ubavuni mwa chombo pale mbao zinapoanzia na zinapoishia, kisha pima umbali wa nje kwa nje kati ya mbao mbili. Vipimo hivyo vitatu ndivyo vitakavyokuongoza upande wa stendi.

Wavu wa mdomo wa pampu, bamba la alumini lililo chini ya tezi, na kihisi chochote kinachochungulia chini ya tumbo visibebe uzito. Wavu ukipinda hata kidogo, majani na vipande vya kamba huanza kupita hadi kwenye propela, na mteja hurudi akilalamika kwamba chombo kinanguruma bila kwenda.

Faiba inavumilia uzito uliotandazwa, haivumilii uzito wa nukta moja. Ukiweka tumbo juu ya kona ya jiwe au ncha ya jeki, nyufa nyembamba kama utando wa buibui hutokea kwenye jelikoti (tabaka gumu la nje linalong'aa), na kwenye chumvi hazibaki nyembamba. Kwa matumbo ya plastiki kama ya Spark, kosa hilo lina gharama nyingine: resini ya kawaida ya faiba haishiki pale, inabidi kuchomelea plastiki, na si kila gereji ya boti ina mtu wa kazi hiyo.

Stendi yenyewe

Fremu ya skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 3, inatosha kwa chombo chochote kilichotajwa hapa. Urefu wa mita 1.8 hadi 2, upana wa chini usipungue mita 1 ili isipinduke mtu akiegemea upande mmoja. Mbao za kulalia ni za inchi mbili kwa nne, zimelazwa kwa upana, na kingo za nyuma na mbele zimechongwa mviringo. Kona ya mraba mbele ya ubao ndiyo hukwaruza tumbo chombo kinapopanda.

Funika mbao kwa zulia la nje, lile gumu lisilonyonya maji sana. Pini za zulia zipigwe ubavuni au chini ya ubao, wala isipigwe hata moja juu. Skrubu za kushika ubao zizamishwe ndani milimita 5 au zaidi, kwa sababu mbao hukauka, hunywea, na vichwa vya skrubu hujitokeza polepole mpaka siku moja vinachora mstari wa mita moja chini ya chombo cha mtu. Tumia chuma cha pua. Misumari ya kawaida kwenye hewa ya bahari huoza haraka na kuacha madoa ya kutu kwenye zulia na kwenye tumbo.

Kuhusu magurudumu, hesabu inayofanywa na wengi ni hii: kilo 400 kugawa kwa 4, basi kila gurudumu libebe 100. Sakafu ya gereji haikubali hesabu hiyo. Ikiwa na bonde dogo, gurudumu moja hubaki hewani na yale mawili yaliyo kwenye pembe zinazotazamana hubeba karibu mzigo wote. Nunua magurudumu ya kilo 200 kila moja au zaidi, kipenyo cha inchi 5 au 6, na angalau mawili yawe na breki. Madogo ya inchi 3 hukwama kwenye kokoto moja, na stendi inaposimama ghafla chombo kilicho juu yake bado kina mwendo.

Njia ya kuteleza

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa gereji nyingi. Haihitaji paa imara wala mashine, na chombo hakiachi kamwe kugusa kitu kigumu chini yake. Inachohitaji ni vipimo.

Trela ibaki imefungwa kwenye gari. Hapa ndipo ajali mbaya hutokea. Trela iliyofunguliwa hukaa sawa kwa sababu uzito mwingi uko mbele ya ekseli. Jeti ski ikiteleza kurudi nyuma na kuvuka ekseli, mizani hugeuka, nyuma ya trela huanguka chini na mkono wake huruka juu kwa nguvu ya kumvunja mtu taya. Gari liwe na breki ya mkono, gia imeingia, na kabari mbele na nyuma ya matairi yote ya trela. Kama gari haliwezi kubaki, funga mkono wa trela chini kwa mnyororo kwenye sakafu, na weka jeki stendi mbili chini ya fremu, nyuma kabisa.

Pima kimo kutoka sakafuni hadi juu ya zulia la mbao za trela, upande wa nyuma. Mbao za stendi ziwe chini yake kwa sentimita 1 hadi 2 wakati wa kushusha. Ukirudisha, kinyume chake. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa gurudumu la mbele la trela, na kubwa kwa kuweka plaiwudi chini ya magurudumu ya stendi.

Kuna jambo ambalo wengi hulikuta katikati ya kazi. Chombo kinapoondoka, springi za trela hupumua na trela hupanda. Sentimita 1 uliyopima mwanzoni inaweza kuwa 5 chombo kikiwa nusu huku nusu kule, na tumbo likabaki limeegemea ukingo wa ubao mmoja. Dawa yake ni mkanda wa racheti. Kabla ya kuanza, funga fremu ya trela kwenye ekseli yake, kushoto na kulia, ukaze vizuri wakati chombo bado kiko juu. Springi zitabaki zimebanwa na kimo hakitabadilika.

Sasa fuata mpangilio huu:

1. Osha tumbo na mazulia ya pande zote mbili kwa maji matamu. Piga magoti upitishe kiganja juu ya zulia lote. Punje moja ya mchanga iliyokwama kwenye nyuzi, ikibebeshwa kilo 100, huchora jelikoti kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari.

2. Leta stendi nyuma ya trela, mbao zikitazamana na mbao, zikigusana. Funga breki za magurudumu, weka kabari, kisha unganisha fremu ya stendi na fremu ya trela kwa mikanda miwili ya racheti. Pengo likifunguka chombo kikiwa juu yake, hakuna mkono wa mtu utakaolifunga.

3. Mwagia mazulia maji yenye sabuni ya vyombo. Usitumie grisi wala oili, maana hunasa mchanga na hazitoki tena. Silikoni ya kupuliza inafanya kazi, lakini huifanya trela iwe telezi kwa muda mrefu baadaye. Mteja asiyejua atafungua ndoano ya omo akiwa kwenye mteremko wa kushushia majini, na chombo chake kitashuka chenyewe kwenye zege.

4. Funga mkanda wenye matawi mawili kwenye vishikio viwili vya tezini, na uuvute kwa winchi ya mkono iliyofungwa mwisho wa fremu ya stendi. Vishikio hivyo vinakubali kuvutwa kwa mlalo. Winchi ya trela iendelee kushika omo.

5. Mtu mmoja avute, mwingine alegeze winchi ya trela kidogo kidogo, mkanda ukiwa umelegea kiasi cha kiganja tu. Winchi nyingi za trela ndogo hazina breki, zina meno tu. Ukiachia meno chini ya mzigo, mpini huzunguka wenyewe, na aliyeukamata huumia mkono.

6. Angalia mkuku, si bampa. Ukianza kukimbilia upande, simamisha, mtu asukume omo kwa ubavu, ndipo mwendelee. Kuvuta kwa nguvu zaidi ili kinyooke chenyewe hukifanya kipande juu ya ukingo wa ubao.

7. Kitovu cha uzito kinapofika kwenye maungio, omo huanza kuwa nyepesi. Simameni hapo. Angalieni kimo upya, breki za stendi, mikanda miwili inayounganisha. Kama kuna kitu kitakwenda vibaya, kinaanzia hapa.

8. Endelea mpaka alama zako za masking tepu zikutane na miisho ya mbao za stendi. Funga chombo kwenye stendi kwa mkanda mmoja juu ya sehemu ya kukanyagia na mwingine kwenye kishikio cha omo. Ndipo ufungue winchi ya trela, kisha mikanda inayounganisha, na gari lisogee mbele.

Usivute kwa gari. Mkono unahisi kitu kinapokwama. Injini ya Land Cruiser haihisi, na utaona tu kishikio kimeng'oka na kipande cha faiba.

Na vidole: hakuna sababu yoyote ya kuweka mkono kati ya tumbo na ubao. Kama zulia limekunjamana, rudisha chombo nyuma kwa winchi, linyooshe, anza tena. Anayetoa amri awe mmoja. Wengine wanyamaze, isipokuwa neno "simama", ambalo yeyote anaweza kulitamka na wote wakatii.

Njia ya kuning'iniza

Gereji yenye gantri ya chuma (fremu ya miguu ya kunyanyulia mizigo) au boriti ya I iliyokadiriwa kubeba mzigo humaliza kazi hii upesi. Cheni bloku ya tani 1 inatosha. Mengine yote yanategemea ile boriti. Kenchi za paa la mabati ziliwekwa kubeba mabati na upepo, si kilo 400 zinazoyumba. Tawi la mwembe linalotumika kushushia injini za magari nalo si hoja: injini ya gari dogo ina kilo 150 hivi na hushushwa wima, wakati jeti ski huyumba na kuzidisha nguvu kila inaporudi.

Mikanda iwe ya poliesta, bapa, mipana, yenye lebo. Kwa rangi zinazofuata kiwango cha Ulaya, zambarau ni tani 1, kijani ni tani 2, njano ni tani 3. Mkanda usio na lebo, uliokatika ukingo, au uliokauka kwa jua mpaka nyuzi zinapukutika, ukate vipande viwili ili asije mtu akaokota na kuutumia. Mikanda ya racheti ya kufungia mizigo si ya kunyanyulia.

Mkanda wa mbele upite chini ya tumbo usawa wa usukani. Wa nyuma upite mbele kidogo ya mdomo wa kunyonya maji, usikanyage wavu wala mapezi ya ubavuni. Tumbo linapanda kuelekea omo, kwa hiyo mkanda wa mbele una tabia ya kutambaa kwenda mbele mara tu unapobeba. Uunganishe na wa nyuma kwa kamba ubavuni, kushoto na kulia, ili isiachane. Vishikio vya omo na tezi usivitumie kunyanyulia, isipokuwa kitabu cha chombo chenyewe kiwe kimeruhusu.

Pembe ya mikanda ina uzito wake. Chombo cha kilo 400 kikibebwa na mikanda miwili inayokutana kwenye ndoano moja, kila mmoja ukiwa na pembe ya digrii 60 kutoka mlalo, kila mkanda hubeba kilo 231. Kwa digrii 45 ni 283. Kwa digrii 30 ni 400 kamili, yaani kila mkanda unabeba chombo kizima, na nguvu ya kubana nayo imekua. Paa la chini ndilo huleta pembe hizi mbaya. Kama huna kimo cha kutosha, tumia boriti ya kutandaza: bomba la chuma linaloning'inia chini ya ndoano, mikanda ikishuka wima kutoka miisho yake.

Kwa upana pia mikanda hubana. Jeti ski nyingi zina upana wa kati ya mita 1.18 na 1.28, na mkanda unaoinama kuelekea ndani hukandamiza bampa na kuufungua mshono wa dekki na tumbo. Vipande viwili vya bomba vyenye urefu wa mita 1.35 hadi 1.4, kimoja mbele na kimoja nyuma, huiweka mikanda mbali na ubavu.

Nyanyua kiganja kimoja, usimame. Tazama upande gani unabaki chini. Kama tezi imegoma kuinuka, shusha chombo chote, sogeza mikanda yote miwili nyuma sentimita 5, jaribu tena. Usijaribu kuusawazisha kwa kumkalisha mtu upande wa pili. Kikishakaa mlalo, kiache kining'inie dakika chache huku ukiangalia boriti na maungio yake. Kisha nyanyua kwa kiasi tu cha kupisha trela, toa trela, ingiza stendi, shusha. Kamba moja ndefu kwenye kishikio cha omo inatosha kukiongoza kisizunguke. Hakuna anayepita chini, hata kama ni kuokota spana tu.

Ukiwa huna stendi inayofikia kimo cha trela wala gantri

Inabaki kuinua upande mmoja baada ya mwingine na kutoa trela. Unahitaji boriti mbili za chuma, milimita 100 kwa 50, unene wa milimita 3, urefu wa mita 2.2, zilizosimamishwa kwa upande wake mrefu, na miguu minne imara. Juu ya kila boriti weka vipande viwili vya mbao vyenye zulia, vilivyochongwa mshazari kufuata umbo la tumbo, na vifungwe visiteleze.

Urefu wa mita 2.2 una sababu. Trela hutoka kwa kwenda mbele, na magurudumu yake lazima yapite chini ya boriti ya mbele, kati ya miguu yake. Kwa hiyo pima pia kimo cha madigadi. Mara nyingi madigadi ni ya juu kuliko mbao za kulalia, na asiyepima hugundua trela imenasa chombo kikiwa tayari hewani.

Anza na tezi. Inua sentimita 5, weka vipande vya mbao chini, nenda omo, inua 5, rudi. Ukiinua upande mmoja sentimita 30 kwa mara moja, chombo huteleza kuelekea upande wa chini, na hakuna kilichokizuia. Ni njia ya polepole na tungeiweka ya mwisho, lakini ukiwa na jeki mbili na subira inafika.

Kwenye mchanga, magurudumu ya stendi huzama mara moja. Tandika plaiwudi ya milimita 18, kipande mbele ya kipande. Matairi mabovu ya gari ni mazuri kuwekwa chini kama tahadhari wakati wa kuinua, na hata kulazia chombo kwa saa chache, ila yaoshwe kwanza. Lililokaa ufukweni limejaa mchanga.

Usikilaze chombo ubavuni ili ufike chini yake. Injini za mipigo minne zina oili inayoweza kwenda isikotakiwa, na maji yaliyo kwenye egzosi yanaweza kurudi hadi ndani ya silinda. Kibandiko kilichopo tezini kinaonyesha upande wa kugeuzia chombo kilichopinduka majini. Hicho ni cha dharura, hakikupi ruhusa ya kufanya kazi kikiwa kimelala.

Kurudisha kwenye trela

Mpangilio ni ule ule kwa kinyume, na mara nyingi ni rahisi kwa sababu winchi ya trela ndiyo inayovuta. Mbao za stendi sasa ziwe juu ya za trela kwa sentimita 1 hadi 2. Trela haina mzigo, springi zake ziko juu, na itashuka chombo kikiingia. Ibane kwenye ekseli kwa mikanda ya racheti kabla ya kupima kimo.

Mkanda wa winchi uvute kwa mlalo au kwa kupanda kidogo. Nguzo ya winchi ikiwa chini mno, mkanda huvuta omo kwenda chini, mkuku hugonga chuma cha kukatisha cha trela, na kadiri unavyozungusha ndivyo kinavyozidi kukwama. Pandisha nguzo, usiongeze nguvu.

Chombo kikigusa mpira wa kuzuilia omo, linganisha tena alama za masking tepu. Mzigo kwenye kiungio cha gari uwe karibu asilimia 10 ya uzito wa trela na chombo kwa pamoja. Ukiwa mwepesi sana, trela itacheza ikifika mwendo wa barabara kuu. Sogeza nguzo ya winchi mbele au nyuma mpaka upate uzito huo, maana ukibadilisha hapo chombo chenyewe kitahama.

Funga tezi kwa mikanda miwili, kila mmoja kutoka kishikio hadi fremu upande wake, na omo kwa mnyororo wa ziada mbali na mkanda wa winchi. Ondoa mikanda uliyobania springi, kwani trela ikiondoka nayo itagonga kila shimo bila springi. Rudisha vizibo vya tezini, kaza kwa mkono, na mkumbushe mwenye chombo avikague tena kabla hajafika majini. Baada ya kilomita 10 za kwanza asimame akaze mikanda upya, kwa sababu mazulia yaliyolowa hubonyea na mkanda uliokuwa umekaza gerejini utakuwa umelegea.